Kuchemsha ni Jumapili, Kuunga ni Kila Siku

Kuna maneno mawili ya jikoni ambayo wengi wetu tumekua nayo, ila wachache tunayatenganisha kwenye ratiba: kuchemsha na kuunga. Maharage ya chukuchuku yamechemshwa, basi. Maharage ya kuunga yamepata kitunguu, mafuta, nyanya, na mwenye bahati akaongeza nazi. Kazi ya kwanza inakula muda na gesi, lakini haihitaji akili nyingi. Kazi ya pili inataka macho na mkono, lakini haizidi nusu saa. Sisi watu wa mbio, tunaomaliza kipindi saa 11 jioni tukakimbilie daladala Mwenge au Ubungo, tunataka kuzifanya zote mbili usiku mmoja, tena na njaa. Mwisho wake unaujua: ama maharage magumu yanayoelea kwenye maji mekundu, ama tunakata tamaa na kumfuata kaka wa chipsi mayai.

Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba ukizitenganisha kazi hizi mbili, ladha inapanda na muda unapungua, kwa vitu vilevile ulivyokuwa unanunua. Huhitaji viungo vya bei, wala kozi ya upishi.

Nasema haya kama mtu ninayeishi kwenye familia, si bwenini. Nakaa kwa dada yangu huku Changanyikeni. Dada anafanya kazi kwa zamu, shemeji anatoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia, na wapo watoto wawili, mkubwa wao binti wa kidato cha pili. Ukipika maharage kuanzia mwanzo kila jioni, jiko linawashwa saa 12 na watu wanakula saa 3. Na kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za kwetu, anayeambiwa "angalia hiyo sufuria isiungue" ni mtoto wa kike. Kidato cha pili kina upimaji wa taifa mwisho wa mwaka. Saa tatu za jioni mara siku tano za wiki, piga hesabu mwenyewe amebakiwa na nini cha kusoma. Kwa hiyo nikizungumzia dakika humu, sizungumzii uvivu wa mwanachuo. Na nyie wa geto, watu wanne sufuria moja, hesabu ni hiyohiyo, tofauti ni kwamba anayekosa kusoma ni yule mpole asiyejua kukataa zamu.

Tuanze na Jumapili, au kwa usahihi Jumamosi usiku. Kilo moja ya maharage makavu inachambuliwa, inaoshwa, inalowekwa kwenye maji yanayoyazidi kwa vidole vinne, pamoja na kijiko kikubwa cha chumvi. Najua wapo walioambiwa chumvi inayafanya maharage yawe magumu. Kwenye maji ya kulowekea mambo ni kinyume. Ganda la harage limeshikwa pamoja na madini ya kalsiamu na magnesiamu, na sodiamu ya chumvi inachukua nafasi ya madini hayo, ganda likalegea. Asubuhi unamwaga maji yale, unasuuza, unabandika na maji mapya. Kilo hiyo ikishaiva inakaribia kilo mbili na nusu, na kwa nyumba yetu ya watu watano hiyo ni milo mitatu, pengine minne kama kuna mboga nyingine pembeni.

Kinachoyafanya maharage yakatae kuiva hasa ni tindikali. Ukiweka nyanya, limao au ukwaju yakiwa bado magumu, ganda linakaza na utakaa hapo mpaka taarifa ya habari ya saa 2 iishe. Nyanya zisubiri. Kingine ni uzee. Harage lililokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu linakuwa gumu kiasi kwamba hata ulichemshe nusu siku, katikati linabaki na unga. Ndiyo maana sokoni usiulize bei kwanza, uliza "haya ni ya msimu huu?" Mama muuzaji mzuri atakwambia ukweli maana anataka urudi. Mimi hupendelea soya njano au kablanketi wakati yanapatikana, kwa sababu kwenye jiko letu nimeyaona yakiwahi kuliko yale mekundu makubwa, na mchuzi wake unakuwa mzito wenyewe.

Magadi je? Yanalainisha kweli, na kwenye maji magumu yanaokoa gesi. Lakini yanaharibu vitamini B1 ambayo maharage yanayo kwa wingi, na ukizidisha kidogo tu msosi wote unanuka sabuni. Ukiloweka na chumvi usiku kucha, huna haja nayo.

Sasa lipo jambo moja ambalo si la ladha wala muda, na napenda mtu alisome mara mbili. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Ukila yakiwa hayajaiva, hata machache, ndani ya saa chache unatapika na kuharisha. Dawa yake ni rahisi: yaloweke angalau saa 5, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu, yaani mapovu makubwa, kwa dakika 30 kabla hujapunguza moto. Moto hafifu ambao haufikishi maji kwenye kuchemka hauiondoi sumu hii, na unaweza hata kuiongeza nguvu. Wale wanaopikia kwenye jiko dogo la umeme la geto ambalo linapasha tu bila kuchemsha, habari hii ni yenu.

Baada ya hizo dakika 30 za mwanzo, moto unapunguzwa na unafunika. Hapo ndipo mtu anaweza kuondoka na kitabu chake, akawa anarudi kila baada ya dakika 20 kutazama maji. Ukitaka kubana gesi zaidi, zima, funga mfuniko vizuri, izungushie sufuria khanga mbili na blanketi zito, iache saa 3 au 4. Joto lililofungwa linaendelea kupika bure. Usiyaache mpaka usiku, maana yakipoa humo ndani yanaanza kuchacha. Yafungue, yarudishe motoni yachemke tena, ndipo uyahifadhi.

Habari ya gesi si ndogo. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi midogo ya kilo 6 imeingia kila mtaa. Lakini chungulia uani utaona mtungi uko ndani kwa ajili ya chai na mayai, na jiko la mkaa liko nje kwa ajili ya maharage na makande. Watu hawaogopi gesi, wanaogopa kuimalizia kwenye harage. Kuchemsha mara moja badala ya mara tatu ndiyo njia ya mtungi kufika mwisho wa mwezi bila mkaa.

Yakishaiva, usiyaache kwenye sufuria kubwa yapoe yenyewe mpaka asubuhi, kwa joto letu la Dar yatakuwa yameharibika. Gawa kwenye vyombo vifupi vipana, kila chombo mlo mmoja, pamoja na maji yake, na ndani ya saa 2 yawe kwenye friji. Yanakaa salama siku 3 hadi 4. Chombo cha Ijumaa kiweke kwenye barafu kabisa. Asiye na friji achemshe ya siku hiyo tu, au aelewane na jirani mwenye nalo: wewe unachemsha kilo mbili, yeye anahifadhi, mnagawana. Mtaani kwetu mpango huu upo na hakuna aliyewahi kugombana, isipokuwa siku umeme ulipokatika mchana kutwa tukala maharage asubuhi, mchana na jioni.

Hayo ndiyo ya Jumapili. Sasa kuunga, na hapa nitachukua muda, maana ndipo ladha inapopatikana au kupotea.

Angalia mtu mwenye haraka anavyounga. Anaweka mafuta, kitunguu, dakika moja nyanya, dakika nyingine maharage na maji, anafunika. Chakula kinaiva, lakini kina ladha ya nyanya mbichi na kitunguu cha kuchemshwa. Sababu yake ni ya fizikia ya kidato cha kwanza. Mahali penye maji mengi, joto halivuki nyuzi 100. Rangi ya kahawia na harufu ile inayowafanya majirani waulize "leo mnapika nini" inatokea kitunguu kikishapoteza maji yake na joto likapanda hadi nyuzi 140 hivi. Ukitia nyanya mapema umetia maji, na umeifunga hiyo safari kabla haijaanza.

Kwa hiyo kata vitunguu viwili vyembamba, weka kwenye mafuta ya moto wa wastani na chumvi kidogo. Chumvi inavuta maji yatoke haraka. Koroga kila mara, usifunike. Dakika 8 mpaka 10 vinalegea, vinapungua, kingo zinaanza kuwa za dhahabu. Ndipo kitunguu swaumu na tangawizi vilivyotwangwa vinaingia, nusu dakika tu, kwa sababu swaumu ukiungua unakuwa mchungu na hakuna cha kuurudisha. Kisha binzari nyembamba na giligilani ya kusaga, kijiko kidogo kidogo, nusu dakika nyingine. Viungo hivi harufu yake inayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana ukivinyunyiza juu ya mchuzi mwishoni vinabaki kama vumbi mdomoni, lakini vikipita kwenye mafuta kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima.

Halafu nyanya tatu zilizokwaruzwa. Hapa ndipo uvumilivu unapohitajika, dakika 7 au 8. Nyanya zitachemka, zitakauka, na ghafla utaona mafuta yanajitenga pembeni na rojo linakuwa zito, rangi imekoza. Alama ni hiyo, mafuta kujitenga. Saa ya ukutani usiiamini, nyanya za masika zina maji zaidi ya za kiangazi. Rojo likifika hapo, mimina chombo chako cha maharage pamoja na maji yake, ponda kiasi kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi ushikane, acha yachemke dakika 5. Nusu limao likamuliwe mwisho kabisa, moto umezimwa. Tangu kukata kitunguu hadi hapo ni dakika 25, na wakati huohuo jiko la pili lina ugali. Mwenye jiko moja asonge ugali kwanza, aufunike kwenye hotpoti.

Siku ya nazi, limao liache. Sokoni wapo wanaokuna nazi kwa mashine, huna sababu ya kukaa kwenye mbuzi usiku. Kamua tui la kwanza, zito, liweke pembeni. Tui la pili jepesi lichemke na maharage kwenye rojo. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, bila mfuniko, unakoroga polepole mpaka lianze kutokota tu. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na ukilichemsha kwa fujo yanaachana, tui linakatika, unapata maji ya kijivu yenye mafuta juu. Mtu wa Pwani ataona kwa macho kabla hajaonja, na atakusema.

Ukishajua kuunga hivi, wiki yote inajipanga yenyewe, maana rojo ni lilelile na kinachobadilika ni kinachoingia ndani yake. Mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa katikati. Mchicha, ambao unaingia mwishoni dakika 3 tu usije ukawa majani ya chai, na vijiko viwili vya karanga za kusaga zilizokorogwa na maji ya vuguvugu. Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma, ambao huoshwa kwa maji ya moto mara mbili kutoa mchanga, wanakaangwa wakauke kabisa kwanza ndipo wakutane na rojo na pilipili, na nusu limao. Dagaa wadharauliwa sana na watu waliopata boom juzi, ila unawala na mifupa yao, maana yake unapata kalsiamu ambayo kipande cha nyama hakikupi. Na ukichemsha mahindi ya makande Jumapili hiyohiyo, kwenye sufuria ya pembeni, Jumatano una makande ya nazi kwa nusu saa badala ya nusu siku.

Kwa wanaosema chakula hiki ni cha umaskini, neno moja la kisayansi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini. Maharage yanayo nyingi, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikikutana kwenye sahani moja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Waliobuni ugali maharage hawakuwa na maabara, lakini hawakukosea. Lile limao la mwisho nalo si urembo: madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha mwili unayachukua kwa shida, na vitamini C inayasaidia kupita. Chai inafanya kinyume, inayazuia. Dada zetu hasa, ambao wanahitaji chuma zaidi kila mwezi, chai wangeiacha ikae mbali na mlo kwa saa moja hivi.

Wali una tahadhari yake. Kiporo cha wali kilicholala mezani usiku kucha ni cha hatari kuliko kinavyonukia. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi wali unapopikwa. Wali ukikaa kwenye joto la chumba zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiukaanga tena na mayai asubuhi. Wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji usiku uleule. Kama friji hakuna, pika wa kuisha.

Nyumbani kwetu sasa zamu ziko kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa jiko. Jumapili ya kuchemsha ni yangu, kwa sababu naweza kukaa na vitini vyangu mezani huku sufuria inatokota. Kuunga tunapokezana, shemeji naye yumo, Alhamisi, na mayai yake ya rosti watoto wanayasifia kuliko ya mtu yeyote, sifa ambayo ameibeba mpaka kazini kwake. Mpwa wangu amebaki na siku moja. Juzi saa 1 na robo alichungulia akaniuliza, "Mjomba, leo naunga mimi au wewe?" Nikamwambia ni mimi, akarudi kwenye hesabu zake.

Wiki za UE ndipo hata dakika 25 zinakuwa nyingi. Kwa wiki hizo fanya hivi: Jumapili hiyohiyo unga rojo kubwa, vitunguu nane, nyanya kumi na mbili, viungo vyake vyote, bila maharage. Sufuria iwe pana, si ndefu, la sivyo vitunguu vitachemka kwenye maji yao wenyewe na hutaona rangi. Kama huna pana, fanya kwa mikupuo miwili. Likikauka mpaka mafuta yajitenge, lipoze, ligawe kwenye vikopo, la siku tatu za mwanzo friji ya kawaida na lililobaki kwenye barafu. Jioni unatoka chumba cha mtihani, kikopo kimoja sufuriani, chombo kimoja cha maharage juu yake, dakika 8 zichemke vizuri, limao. Ugali utachukua muda mrefu kuliko mboga.